Januari moja, filamu mbili: nani alisema kweli kuhusu The Beatles?

Swali: Shikamoo mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa na kanda ya VHS ya filamu ya Let It Be, akaiangalia mpaka picha zikaanza kukatikakatika. Siku zote alituambia kwamba The Beatles walivunjika mbele ya kamera, na kwamba anayetaka kuona watu wakiachana aiangalie ile. Mwaka huu, hapa Muscat ninapoishi, nimeangalia dokumentari mpya ya Get Back kwa siku tatu mfululizo. Watu ni walewale, nguo zilezile, nyimbo zilezile, lakini humu wanacheka, wanataniana, wanatunga. Ipi ya kweli? Na ni dokumentari zipi nyingine niziangalie ili niielewe safari yao yote?

Jibu: Marahaba binti yangu, Mungu amrehemu baba. Kwanza nikutoe wasiwasi: ulichokiona Muscat na alichokiona baba kwenye kanda yake ni kitu kimoja. Simaanishi kwamba vinafanana. Ni picha zilezile, zilizopigwa na watu walewale kwa kamera zilezile, kati ya tarehe 2 na 31 Januari 1969, jijini London. Hakuna aliyekwenda kupiga nyingine. Kilichobadilika ni chumba cha uhariri, na kwa kuwa uhariri ndio kazi iliyonilea, nitakujibu nikiwa nimekaa hapo, mezani, pale mkasi unapopita.

Mpango wa mwanzo ulikuwa kipindi cha televisheni. Bendi haikuwa imepanda jukwaani mbele ya watu waliolipa kiingilio tangu tarehe 29 Agosti 1966, Candlestick Park, San Francisco. Paul McCartney, mmoja wa wale wanne (yeye, John Lennon, George Harrison na Ringo Starr), alitaka warudi: watunge nyimbo mpya, wazifanyie mazoezi, wazipige mbele ya watu huku kamera zikifuatilia. Kazi ya kuongoza akapewa Michael Lindsay-Hogg, kijana aliyekwisha kuwapigia filamu za nyimbo zao, ikiwemo ya Hey Jude. Mazoezi yalianzia Twickenham, na hiyo ni studio ya filamu, si ya muziki. Hebu uone: ukumbi mkubwa kama ghala, baridi ya Januari, asubuhi, na wanamuziki waliozoea kufanya kazi usiku. Lindsay-Hogg alikuwa na ndoto ya kuwapeleka Libya, kwenye magofu ya ukumbi wa maonyesho wa Warumi pale Sabratha. Wakabishana siku nyingi kuhusu safari hiyo, mpaka wakafika kwenye suala la meli ya kubebea watazamaji. Mwisho wa yote walipanda ngazi tu, wakatokea juu ya paa la ofisi yao wenyewe, namba 3 Savile Row.

Katikati ya hapo, tarehe 10 Januari, George Harrison alijitoa. Alisimama, akaaga kwa maneno machache, akaenda zake. Zilipita siku za vikao, akarudi kwa masharti, na mojawapo lilikuwa kuachana na Twickenham. Kuanzia tarehe 21 wakawa kwenye studio ya chini kabisa ya jengo la Savile Row. Kesho yake akaingia mpiga kinanda Billy Preston kutoka Marekani, rafiki yao wa zamani, na hewa ya chumba ikabadilika. Tarehe 30 wakapiga juu ya paa. Tarehe 31 wakarekodi zile nyimbo ambazo zisingefaa paani kwa sababu ya piano na magitaa yasiyo ya umeme, na mwezi ukaisha.

Sasa shika hesabu. Kamera zilitoa takriban saa 60 za picha. Vinasa sauti vilitoa takriban saa 150 za sauti. Let It Be ina dakika 80, maana yake katika kila dakika 45 zilizopigwa, baba aliona moja. Get Back ina dakika 468, karibu saa 8, kwa hiyo wewe umeona karibu moja katika kila nane. Wote wawili mmechungulia dirishani. Dirisha lako ni pana zaidi, basi.

Lakini upana wenyewe hautoshi kueleza tofauti uliyoihisi, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu watu wengi hujibu swali lako kwa kusema "ile ya zamani ni ya ugomvi, hii mpya ni ya furaha." Si kweli. Get Back ina huzuni nyingi kuliko Let It Be. George akiondoka, umemwona kwenye Get Back; kwenye kanda ya baba kuondoka huko hakumo kabisa. Siku ya Jumatatu baada ya hapo, John Lennon hapatikani kwa simu, Paul amekaa anawaangalia waliobaki, anasema sasa wamebaki wawili, kisha ananyamaza na macho yanamlenga machozi. Peter Jackson, muongozaji wa Get Back, ameiacha kamera pale bila kukata, sekunde baada ya sekunde. Katika Let It Be hakuna kitu kichungu kama hicho.

Na upande wa pili, Let It Be ina vicheko. Kama kanda bado ipo, iangalie tena: John na mpenzi wake Yoko Ono wanacheza dansi la wawili wakati wenzao wanapiga I Me Mine. Mtoto Heather, binti wa Linda Eastman, mpenzi wa Paul, anarukaruka studioni, anampigia Ringo Starr ngoma ghafla mpaka Ringo anashtuka. Wanapiga nyimbo za zamani za ujanani wakitabasamu. Halafu kuna paa. Yote hayo baba aliyaona, na bado alitoka na msiba.

Kwa nini? Kwa sababu kinachokosekana kwenye Let It Be ni sababu na matokeo. Filamu ile haina msimulizi, haina tarehe, haina hata maandishi ya kukuambia huyu ni nani. Mara wako Twickenham, mara wako Savile Row, hujui kwa nini wamehama. Billy Preston anatokea amekaa kwenye kinanda kama vile alizaliwa hapo. Sasa chukua lile jibizano maarufu la tarehe 6 Januari, Paul akimwelekeza George namna ya kupiga gitaa, na George akimjibu kwamba atapiga chochote anachotaka Paul, au hatapiga kabisa kama ndivyo anavyotaka. Jibizano hilo lipo katika filamu zote mbili. Kwenye ya Jackson umeona asubuhi nzima iliyolitangulia, umeona uchovu, umeona Paul mwenyewe akihangaika kwa kuwa anajua anasikika kama bosi, halafu umeona siku zilizofuata. Kwenye ya Lindsay-Hogg, jibizano linakuja peke yake, kama kofi gizani. Ukipigwa kofi gizani, utadhani nyumba nzima ina vita.

Nimeliona hili kwa macho yangu. Miaka mingi iliyopita nilihariri dokumentari fupi ya bendi moja ya muziki wa dansi. Kulikuwa na sehemu mwimbaji anazungumzia malipo, na mimi, nikitafuta picha ya kuweka juu ya maneno yake, nikamchukua mpiga besi akiwa ameinamisha kichwa. Ilikaa vizuri mno. Siku ya kuwaonyesha, ukumbi mzima ukageuka kumtazama yule mzee, wakiamini ana kinyongo na mwenzake. Baada ya onyesho akanifuata taratibu akaniambia: "Mwanangu, pale nilikuwa natafuta kiatu changu chini ya kiti." Nilirudi mezani usiku uleule nikakitoa kipande kile. Picha ilikuwa ya kweli na maneno yalikuwa ya kweli. Uongo niliuweka mimi pale nilipoviunganisha.

Kwa hiyo tazama miayo ya George. Tarehe 7 Januari, asubuhi, John amechelewa. Paul amekaa na gitaa lake la besi, anakwangua nyuzi zake kwa mkono mzima kama gitaa la kawaida, anaimba bila maneno, sauti tu, anatafuta. George amekaa mbele yake, anapiga miayo mirefu. Ringo yuko kando, kachoka. Paul haachi. Zinapita dakika mbili hivi, na ukisikiliza vizuri utasikia wimbo wa Get Back ukitoka kwenye hewa tupu, kwanza mdundo, kisha tuni, kisha neno moja moja. Ringo anaanza kupiga makofi. George, yuleyule wa miayo, anachukua gitaa anamfuata. John anaingia, hakuna aliyemweleza chochote, anakaa, anaunga. Mimi nimekwisha kuiona sehemu hiyo mara nyingi na kila mara nasimama kwenye ile miayo nikijiuliza: kama ningekuwa nahariri filamu ya dakika 80 kuhusu bendi inayokufa, ningeikata wapi? Ningekata palepale kwenye miayo. Paul anaimba, George anapiga miayo, kata. Mtazamaji angesema: tazama, hawampendi tena. Dakika moja zaidi, na ni picha ya watu wanne wanaozaa wimbo kwa namna ambayo kamera hazijapata kuinasa mara nyingi katika historia ya muziki.

Sasa kuna jambo la kalenda, na hili ndilo lililompotosha baba pamoja na kizazi chake chote. Filamu ilipigwa Januari 1969, lakini ilitoka Mei 1970. Paul alikuwa ametangaza habari za kujitoa tarehe 10 Aprili 1970. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyehudhuria uzinduzi. Watu waliingia kwenye kumbi za sinema kama wanaoingia matangani, na mtu aliye matangani, hata marehemu akicheka kwenye picha, yeye atalia. Albamu ya Let It Be nayo ilitoka tarehe 8 Mei mwaka huohuo, ya mwisho kutoka, kwa hiyo watu wakaamini kwamba ile Januari ndiyo ilikuwa pumzi ya mwisho. Wakati kumbe baada ya Januari ile walirudi studioni wakatengeneza Abbey Road, iliyotoka Septemba 1969, na ambayo mimi binafsi naiweka juu ya albamu zao zote. Walivunjika, ndiyo, John aliwaambia wenzake Septemba hiyo kwamba anaondoka. Lakini hawakuvunjika mbele ya kamera zile. Mbegu za Abbey Road ziko humohumo kwenye Get Back: Ringo ameleta kipande cha Octopus's Garden na George anamsaidia kukikamilisha kwenye piano. George mwenyewe anahangaika na Something, neno la kujazia mstari halimjii, na John anamshauri aweke neno lolote kwanza, hata koliflawa, mpaka lile lenyewe litakapokuja. Huo si ushauri wa mtu aliyekuja kuzika.

Halafu sauti. Wasomaji huuliza sana kuhusu picha zilivyosafishwa, na kweli zimesafishwa: Let It Be ilipigwa kwa filamu ya milimita 16 ikakuzwa kuwa 35 kwa ajili ya sinema, ndiyo maana kwenye kanda ya baba kila kitu kilionekana kama kimefunikwa na vumbi. Giza lenyewe lile lilichangia msiba. Lakini mapinduzi makubwa zaidi yako masikioni. Pale studioni kulikuwa na vinasa sauti viwili aina ya Nagra vilivyokuwa vikizunguka karibu muda wote, hata kamera zilipozimwa ili kuokoa filamu. Reli moja ya Nagra, yaani gurudumu la utepe wa sauti, ilijaa kwa takriban dakika 16, ndipo wanabadilisha. Reli nyingi ziliibwa baadaye. Mwaka 2003 polisi walizikamata nchini Uholanzi, takriban 500. Sauti yote iliingia kwenye mkondo mmoja: maneno, ngoma, gitaa, kikombe cha chai, vyote pamoja kama pilau. Ukishapika pilau huwezi kuurudisha mchele.

Na wenyewe walilijua hilo. John na George walipotaka kuzungumza bila kusikika, waliongeza sauti ya amplifaya wakakwangua magitaa ovyo, mazungumzo yakazama. Miaka 50 siri ikabaki imejificha. Wahandisi wa Jackson, kule New Zealand, wakaifundisha kompyuta kutambua sauti ya gitaa ni ipi, ya ngoma ni ipi, ya John ni ipi, kisha ikazitenganisha. Gitaa likashushwa, siri ikabaki juu. Lindsay-Hogg naye alikuwa ameficha kipaza sauti ndani ya chungu cha maua kwenye chumba cha chakula, tarehe 13 Januari. Kelele za vyombo zilifanya isisikike kitu cha maana. Leo unamsikia John akikiri kwamba George ana kidonda walichokiacha kizidi kuoza bila kumpa hata bandeji. Hebu fikiri: wakati jiji zima linasema watu hawa hawajaliani, ukweli wa namna walivyojaliana ulikuwa umelala chini ya mlio wa uma na sahani.

Teknolojia hiyo ikafanya jambo ambalo sijapata kuliona dokumentari nyingine ikilifanya. Mwaka 1995 Paul, George na Ringo walijaribu kukamilisha wimbo wa John uitwao Now and Then kutoka kwenye kaseti aliyoirekodi nyumbani, wakashindwa kwa sababu sauti yake na piano vilikuwa vimeshikana. Baada ya Get Back, kompyuta ileile ikaitoa sauti ya John peke yake, safi, na Novemba 2023 wimbo ukatoka. Filamu iliyohusu safari ya bendi ikaiongezea bendi wimbo.

Basi je, Jackson ndiye msema kweli? Hapana, naye ana mkono wake, na ni haki uuone. Amesema mwenyewe mwanzoni mwa filamu, kwa maandishi, kwamba uamuzi mwingi wa kiuhariri ulifanyika. Kumbuka kuna saa 90 hivi za sauti zisizo na picha. Mazungumzo mengi unayoyasikia, kamera ilikuwa imezimwa. Kinachoonekana ni picha ya wakati mwingine, mtu amegeuza shingo au ameshika kikombe mdomoni ili usigundue kwamba midomo haiendi na maneno. Amefanya kwa uangalifu mkubwa, lakini ni ushonaji. Ukiirudia filamu, angalia ni mara ngapi msemaji anaonekana kwa nyuma au kwa mbali.

Na ipo habari ya mwenye mali. Picha zote zile ni za Apple Corps, kampuni ya bendi yenyewe. Mwaka 1969 wenye bendi ndio waliokuwa wenye filamu, na ndiyo maana George kujitoa hakukuingia. Muongozaji hakuwa na uhuru huo. Mwaka 2021 watayarishaji wa Get Back walikuwa pamoja na Paul, Ringo, Yoko Ono na Olivia Harrison, mjane wa George. Nawaheshimu kwa kuruhusu yale ambayo waliyazuia mwanzo. Hata hivyo, familia ikikufungulia sanduku la picha, ni familia ndiyo iliyoshika ufunguo. Muda nao unasamehe. Mwaka 1970 kidonda kilikuwa kibichi. Mwaka 2021 wawili walikuwa wamekwisha kufa na waliobaki walitaka kuwakumbuka wakiwa hai. Paul amesema wazi kwamba picha hizi zilimbadilishia kumbukumbu zake mwenyewe, kwani kwa miaka mingi hata yeye alikuwa ameiamini ile hadithi ya msiba. Ringo hakuwahi kuipenda filamu ya 1970, kwa kuwa haikumwonyesha furaha aliyokuwa akiikumbuka.

Neno moja kuhusu Yoko, maana nina hakika baba alikuambia habari zake. Karibu kila baba aliyeiona kanda ile alisema. Kwenye Let It Be anaonekana amegandana na John, na bila maelezo mtazamaji akampa lawama. Kwenye Get Back amekaa anasoma gazeti, anapitia barua, anakula, wake wa wenzake na marafiki nao wanaingia na kutoka. Paul ndiye anayemtetea pale George na John hawapo. Anasema litakuwa jambo la kuchekesha kama baada ya miaka 50 watu watasema The Beatles walivunjika kwa sababu Yoko alikalia amplifaya. Miaka 50 ilitimia, na watu walikuwa bado wanasema hivyohivyo.

Sasa swali lako la pili, niangalie nini. Sitakupa orodha ndefu, kwa sababu dokumentari za The Beatles ni nyingi na nyingi ni za kurudia.

Uti wa mgongo ni The Beatles Anthology, iliyoonyeshwa kwenye televisheni mwaka 1995 na baadaye ikatoka ndefu zaidi katika sehemu nane. Wazo lake lilianza zamani, enzi za kuvunjika kwa bendi, mikononi mwa Neil Aspinall, aliyewaendeshea gari wakiwa hawajulikani akaishia kuiongoza Apple Corps. Haina msimulizi. Paul, George na Ringo wanasimulia wenyewe, na John, aliyeuawa Desemba 1980, anasikika kutoka kwenye mahojiano ya zamani. Ukitaka kujua Liverpool, Hamburg, miaka ya kelele za mashabiki, India, mpaka mwisho, ianze hiyo. Uzuri wake mkubwa kwangu ni pale wanapopingana. Wanasimulia usiku mmoja, kila mtu na usiku wake, na wahariri wameyaacha yote yasimame. Udhaifu wake: ukiacha wao, wanaosikika ni George Martin, mtayarishaji wao, Aspinall, na Derek Taylor, msemaji wao. Pete Best, mpiga ngoma aliyeondolewa Agosti 1962 akaingia Ringo, hahojiwi. Hakuna mke anayehojiwa. Ni historia iliyosimuliwa na waliokuwa ndani ya gari. Mwaka 2025 imesafishwa upya na kuongezewa sehemu ya tisa.

Baada ya hapo rudi nyuma hadi Februari 1964, kwenye picha walizopiga ndugu wawili, Albert na David Maysles, The Beatles walipotua Marekani kwa mara ya kwanza. Zimehaririwa zaidi ya mara moja. Toleo la karibuni ni Beatles '64, la mwaka 2024. Ndani yake kuna jambo ambalo humwonyesha kila mwanafunzi wangu. Usiku wa tarehe 9 Februari, bendi ikiwa kwenye kipindi cha Ed Sullivan mbele ya watazamaji wapatao milioni 73, ndugu hawa hawakuruhusiwa kupiga picha ndani ya ukumbi. Wakaingia kwenye jengo la makazi, wakapiga familia moja imekaa sebuleni inaangalia televisheni, mabinti wamekodoa macho. Kila mtu ana picha ya jukwaa la usiku ule. Sebule ile wanayo wao peke yao. Mlango ukifungwa, mpiga picha mwenye akili hutazama upande wa pili.

Eight Days a Week ya Ron Howard, ya mwaka 2016, ni nzuri kwa miaka ya ziara, na usiikose sehemu ya Jacksonville, Florida, Septemba 1964, walipokataa kupiga mbele ya watazamaji waliotenganishwa kwa rangi. Anayesimulia ni mwanahistoria Mmarekani mweusi, Kitty Oliver, aliyekuwa uwanjani akiwa msichana, amekaa katikati ya Wazungu kwa mara ya kwanza. Ile ya Martin Scorsese kuhusu George, ya mwaka 2011, ina zaidi ya saa tatu na inafaa kuangaliwa mara tu baada ya Get Back, kwani utajua yule mtu aliyeondoka tarehe 10 Januari alikuwa amebeba nyimbo gani kifuani. Na ukipata Good Ol' Freda ya mwaka 2013, kaa uiangalie taratibu. Ni habari ya Freda Kelly, msichana wa Liverpool aliyeajiriwa akiwa na miaka 17 kuwa katibu wao, akawafanyia kazi miaka 11, akajibu barua za mashabiki, na kwa miongo mingi hakutafuta umaarufu kwa siri zao. Humo hakuna anayejitetea.

Let It Be yenyewe ilisafishwa ikatoka upya Mei 2024, na mwanzoni utawaona Lindsay-Hogg na Jackson wamekaa pamoja wakizungumza. Kwa kuwa Get Back umekwisha kuiona, hii ndiyo ninayokuomba uiangalie usiku wa leo kabla ya nyingine zote. Sasa unajua kwa nini wamehama Twickenham. Unajua Billy ametoka wapi. Ukifika paani, tazama kijana aliyepiga magoti mbele ya John akiwa ameshika karatasi yenye maneno ya Dig a Pony, kwa sababu John hakuyahifadhi. Tazama Ringo amevaa koti jekundu la mkewe, John kavaa koti la manyoya la Yoko, na baridi imewakakamaza vidole. Halafu wanapiga One After 909, wimbo waliotunga Paul na John wakiwa vijana wa Liverpool, kabla ya umaarufu wowote. Waangalie nyuso wakati huo, wote wanne. Hata baba, kwenye kanda iliyochakaa, nyuso hizo alikuwa anaziona.